Maji Moto ya Mama Mkwe

Hita ya nyumbani kwa Wabuge ilikufa Jumatatu moja ya mwezi wa saba, Wabuge mwenyewe akiwa bafuni na povu kichwani. Ilitoa cheche, ikanuka mpira ulioungua, ikanyamaza. Maji yaliyomshukia mgongoni baada ya hapo yalikuwa maji halisi ya Eldoret, na mtu asiyeyajua maji ya Eldoret ya mwezi wa saba amshukuru Mungu wake. Wabuge alipiga yowe lililosikika ploti nzima. Mkewe, Nanjala, aliacha chai ikichemka jikoni akaja mbio, akamkuta mwanamume mzima, mwalimu wa useremala katika chuo cha ufundi, amejikunyata pembeni na taulo, meno yakigongana. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Wabuge hakumjali. Mawazo yake yalikuwa yamekwisha ruka dirishani na kutua ua wa nyuma, kwa mtu ambaye hakuthubutu kumtaja.

Mtu huyo alikuwa mama mkwe wake. Mama yake Nanjala, ambaye wote pale nyumbani walimwita Mama na mjukuu wake akamwita Kukhu, aliletwa kutoka Kimilili, kule Bungoma, mwezi wa sita baada ya kuteleza kwenye matope ya zizi na kuvunjika nyonga. Alipasuliwa katika hospitali moja ya mjini, na sasa alikuwa akienda huko kwa mazoezi ya mguu mara mbili kwa wiki. Daktari alitaka miezi mitatu kamili. Tena alisema jambo moja bila kupepesa macho: mguu ule unataka joto. Maji moto kila asubuhi, tena mengi, kabla ya kuunyoosha. Ukiachwa kwenye baridi utakakamaa, na ukishakakamaa, mama huyu atatembelea gongo maisha yake yote.

Mama alilala katika chumba cha nje, nyuma ya nyumba. Kwa Wabukusu, mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Hali naye meza moja, hamtazami usoni, na maneno waliyo nayo hupitia kwa mtu wa tatu. Wasiojua hudhani ni uadui. Si uadui hata kidogo, ni heshima iliyozidi mpaka ikawa kazi ngumu. Pale kwa Wabuge mtu wa tatu alikuwa Naliaka, binti yao wa miaka tisa.

"Naliaka, mwambie baba yako mvua inalowesha nguo zake," Mama angesema akiwa ameketi mlangoni pake, na Wabuge yuko hatua kumi tu, amesikia kila neno.

"Baba, Kukhu anasema mvua inalowesha nguo zako."

"Mwambie Kukhu asante."

"Kukhu, Baba anasema asante."

Naliaka aliifanya kazi hiyo kwa uso mkavu kama karani wa mahakama. Hakuongeza, hakupunguza.

Kuhusu kuoga, Mama alitumia kibafu cha mabati kilichokuwa kando ya choo cha nje, kuta nne bila paa. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini kwake kwenye duka la dawa, Nanjala alichemsha sufuria mbili kubwa kwenye gesi na kumpelekea ndoo. Mara gesi inakata katikati, mara Nanjala anachelewa kazini, mara maji yanapoa kabla Mama hajajikokota kufika. Hita ya bafuni, ile iliyokufa, ilikuwa haitoi msaada. Kwa mwaka mzima ilikuwa ikitema maji vuguvugu kama chai iliyosahaulika. Basi ilipokufa Wabuge aliona ni bahati. Angenunua mpya, ya maana. Mchana nyumba ikiwa tupu, yeye yuko chuoni na Nanjala kazini, Mama angeingia bafuni akajimwagia maji moto mpaka atosheke. Lilikuwa wazo zuri sana, na Wabuge alitoka bafuni akitabasamu, povu bado liko masikioni.

Tusimcheke sana. Alikuwa ameishi mjini miaka kumi na tano, na mji humfanya mtu azisahau desturi zake nusunusu. Haya ya ukwe aliikumbuka kiasi cha kufunga mdomo. Aliisahau kiasi cha kutofikiri.

Jumamosi akaenda kwa Mwihaki. Mwihaki alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, na alijua hita kama mkunga anavyojua watoto. Wabuge alimkuta amezungukwa na wateja. Hita zilipangwa ukutani nyuma yake: nyeupe ndogo za kufunga juu ya shawa, matangi ya stima ya kuning'inia ukutani, na mlangoni tangi la sola lenye mirija yake ya vioo.

"Mwalimu, kabla hujaniuliza ni gani mzuri, wacha mimi nikuulize," Mwihaki akasema. "Watu wananunua hita kwa macho. Mimi nauza kwa kujua nani anaoga. Kwako ni watu wangapi?"

"Watatu," Wabuge akajibu.

"Mko na mtoto mchanga?"

"Hapana. Ako na miaka tisa."

"Mzee? Mgonjwa? Mtu wa miguu mbaya? Niambie ukweli, juu hiyo inabadilisha maneno yote."

Wabuge akafungua mdomo. Nyuma yake walisimama wanaume wawili waliotaka misumari, na mmoja alikuwa amemwegemea kabisa begani. Alijaribu kuiunda sentensi kichwani, yenye mama mkwe upande mmoja na kuoga upande mwingine, na ulimi wake ukakataa katakata, kama ng'ombe aliyeona daraja la mbao. Mwanamume wa Kibukusu hasimami dukani mbele ya wanunuzi wa misumari akazungumzia kuoga kwa mama mkwe wake. Hata kulifikiria tu kulimchoma masikio.

"Hakuna," akasema.

"Basi chukua hii instant, huwezi juta." Mwihaki alishusha hita nyeupe yenye vitufe vitatu. "Maji inapita tu, inatoka imechemka. Nitakupatia fundi wa stima leo leo."

Jioni ile ile hita ilikuwa imefungwa. Wabuge aliijaribu, mvuke ukajaa bafuni mpaka kioo hakionekani. Akamwambia Nanjala, huku akitazama mlango wa jikoni na si uso wa mkewe, "Hii maji ni ya kila mtu. Na mchana nyumba huwa tupu." Hayo ndiyo maneno aliyoweza. Nanjala alimwelewa, akampenda zaidi, akaenda kumwambia mama yake. Baada ya muda mfupi Naliaka akaja na ujumbe.

"Baba, Kukhu anasema asante kwa maji. Anasema Mungu akubariki."

"Mwambie Kukhu aoge..." Wabuge akasita. "Mwambie Kukhu karibu."

Kuanzia Jumatatu Nanjala aliacha kuchemsha maji. Wabuge naye alianza kutoka nyumbani mapema kuliko lazima, ili Mama asije akasikia kikohozi chake karibu na bafu. Chuoni alitembea kifua mbele. Akirudi saa kumi alikuta sakafu ya bafuni imelowa, na moyo wake ukapoa. Aliwaeleza walimu wenzake habari za hita kuliko walivyotaka kuzisikia.

Wiki mbili zikapita. Jumapili baada ya kanisa Nanjala alikaa kitandani bila kuvua kitambaa cha kichwa, akasema mama yake anarudi Kimilili Ijumaa.

"Ijumaa gani?"

"Hii inakuja. Anasema amechoka na town. Anasema kuna kuku zake, kuna mahindi, hakuna mtu anaangalia. Nimemwomba mpaka nimechoka."

"Na mazoezi? Daktari alisema miezi mitatu. Hata nusu hatujafika."

"Si nimemwambia? Anasema atajinyoosha kwake. Baba Naliaka, mguu wenyewe hata hauendi mbele. Last week daktari aliuliza kama tunamwekea maji moto, nikamwambia kila siku."

Wabuge alitoka akaenda kukaa kwenye ngazi za mbele. Roho ilimuuma, na aliona aibu kwa jinsi ilivyomuuma. Alimpenda yule mama. Hilo nalo lilikuwa jambo lisilosemeka, lakini alimpenda, na alijua wakati hasa lilipoanza.

Ilikuwa mwaka ule vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona. Wabuge alikuwa mwalimu wa mkataba. Chuo kilipofungwa na mkataba ulifungwa nacho. Kila mwisho wa mwezi, bila mtu kuomba wala kuuliza, basi la kutoka Kimilili lilileta gunia moja la mahindi na maharagwe. Na juu ya gunia, kwa kalamu nene na herufi za mtu aliyeishia darasa la nne, paliandikwa: MWALIMU WABUGE. Halikuandikwa jina la Nanjala. Gunia lenye jina la Nanjala lingesema mama analisha binti yake kwa sababu mume ameshindwa. Lenye jina la Wabuge lilimlazimu Wabuge mwenyewe aende stendi, atie sahihi, alibebe begani na kuliingiza nyumbani mwake mbele ya mke na mtoto, kama mwanamume aletaye chakula. Miezi kumi na moja. Hakuwahi kuligusia, wala Wabuge hakuwahi kumshukuru, maana angemshukuruje mtu asiyeweza kumtazama usoni?

Sasa mtu huyo alikuwa anarudi kwake kwenda kuwa kilema, na yeye hakujua sababu.

Sababu aliipata Jumatatu saa kumi na nusu, juu ya uzio. Jirani yao, Jelagat, mama wa Kinandi mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na sauti ya kuwaitia wote wawili kwa pamoja, alimwona akiingia, akamwita kwa mkono.

"Baba Naliaka, kuja hapa. Mimi sipendi kuingilia boma za watu, lakini hii imenishinda. Kwani nyinyi hamna maji moto?"

"Tuko nayo," Wabuge akasema kwa fahari kidogo. "Nimeweka hita mpya."

"Sasa mbona huyo mama yenu anaoga maji ya mfereji?"

Wabuge aligeuka akatazama kibafu cha mabati.

"Kila siku saa nne, nyinyi mkienda. Anaingia kwa hiyo mabati na beseni ya maji baridi. Mimi niko hapa na ng'ombe zangu, namsikia anavuta pumzi, hivi, hivi," Jelagat akavuta pumzi kwa mikato ya mtu anayemwagiwa barafu. "Nikaona hapana. Nikaanza kumpitishia sufuria hapa juu ya ua. Mara ya kwanza akachukua. Ya pili akachukua. Alhamisi akakataa. Akaniambia, mama, asante, lakini wakwe zangu wakijua naomba maji kwa jirani wataona aibu, afadhali niende kwetu. Nikamuuliza, si uingie bafu yao? Akaniangalia kama nimemtukana."

Kuna aibu ambazo humfikia mtu polepole, na nyingine hufika zote kwa mkupuo. Wabuge aliona kila kitu kwa wakati mmoja. Bafu lile lilikuwa bafu lake. Mule ndani alivua nguo kila asubuhi. Taulo lake lilining'inia mule, sabuni yake, wembe wake, kaptura yake nyuma ya mlango. Na yeye alitaka mama mkwe wake avue nguo papo hapo, juu ya sakafu ile ile, kwa sababu eti mwenye nyumba ameenda kazini. Mama yake mwenyewe mzazi angejua hilo bila kuambiwa. Na yule mama, badala ya kukataa zawadi ya mkwe wake, aliishukuru. Kisha kila asubuhi akajikokota mpaka mlango wa bafu, akaunyoosha mkono ndani akiwa nje, akafungua maji yakamwagika sakafuni ili wakirudi waone pamelowa, akayafunga, akarudi ua wa nyuma kuoga maji baridi na nyonga yake iliyopasuliwa.

Hita yake mpya ndiyo iliyomnyang'anya ndoo ya maji moto.

Alimkuta Nanjala jikoni akichambua sukuma wiki. Alimweleza akiwa amesimama. Alipofika kwenye sufuria za Jelagat, Nanjala aliweka kisu mezani. Alipofika kwenye sakafu iliyolowa, alijifunika uso kwa aproni.

"Nilimuuliza," akasema kutoka ndani ya aproni. "Nilimuuliza, Mama, maji ni mazuri? Akasema ni mazuri sana. Mimi ndiye niliacha kumchemshia, Baba Naliaka. Mimi, mtoto wake."

"Mimi ndiye nilinunua."

"Sasa ungejuaje, na mimi sikukuambia? Nilijua hawezi kupenda. Nikajiambia atazoea, hizi ni siku za kisasa. Na ningekuambia nini? Mama yangu hataki kuoga mahali unaogea? Hayo ni maneno ya kumwambia mume?"

"Na mimi nilikuwa nimemnunulia yeye," Wabuge akasema. "Si mimi. Si wewe. Yeye. Na sikumtaja, hata dukani sikumtaja."

Halafu Nanjala akacheka kidogo kwenye machozi, kicheko cha mtu aliyechoka na ujinga wake mwenyewe. Akasema kesho ataanza tena kuchemsha. Wabuge akatikisa kichwa. Ndoo ikirudi, Mama atajua wamejua, na ataondoka hata kabla ya Ijumaa kwa kuona amewasumbua. Tena ndoo moja haikuwa imetosha tangu mwanzo. Alitaka kitu kisichokuwa fadhila ya asubuhi, kitu ambacho Mama angeamka na kukikuta ni chake.

Jumanne, chuo kilipofungwa saa kumi, alikwenda moja kwa moja kwa Mwihaki. Duka lilikuwa limejaa kuliko mara ya kwanza.

"Mwalimu! Instant imeleta shida?"

"Hita haina shida. Shida ni mimi. Nilikudanganya." Wabuge akapiga moyo konde. "Uliniuliza nani anaoga. Kuna mtu wa nne. Ni mama mkwe wangu. Amevunjika nyonga, anataka maji moto mingi kila asubuhi, na hawezi kuingia bafu yangu."

Alikuwa ameyasema. Kwa sauti. Mteja aliyekuwa akipima mnyororo alinyanyua macho, akayarudisha kwenye mnyororo. Paa la duka halikuanguka.

Mwihaki alivaa miwani yake, akamtazama. "Nyinyi watu wa Bungoma," akasema kwa upole, "mtakufa na heshima mkononi. Haya. Anaoga wapi?"

Wabuge akaeleza kibafu cha mabati. Mwihaki akaanza kuondoa hita moja moja, kama mtu anayechagua viazi. Hita ya stima kwenye kuta za mabati zilizolowa, tena mahali pasipo paa? "Hiyo si hita, ni kaburi." Sola ni nzuri, angemuuzia leo angefurahi, lakini mwezi wa saba na wa nane Eldoret jua liko wapi? Mgonjwa hawezi kungoja mawingu. Tangi la stima lingetaka waya mpya kutoka nyumbani, na chumba cha nje kilikuwa na waya mwembamba wa balbu moja.

"Huyo mama, moto anaujua?" akauliza.

"Amepika kwa kuni miaka hamsini."

"Basi kuja nikuonyeshe kitu hutaki kununua."

Alimpeleka nyuma ya duka. Palisimama boila ya kuni: mtungi wa chuma uliofika kiunoni, katikati una tumbo la moto lenye kilango kidogo chini, bomba la moshi juu, bomba la maji ubavuni. Unatia vijiti vichache, Mwihaki akaeleza, robo saa hivi maji yanaita, na yanabaki na moto wake kwa muda mrefu. Haihitaji stima wala jua. Unafungua bomba tu.

Ni kweli Wabuge hakutaka kuinunua. Alikuwa amekimbia kuni tangu utotoni. Aliwazia walimu wenzake aliowachosha na habari za vitufe vitatu, sasa waone moshi unatoka nyuma ya nyumba yake mtaani Kapsoya. Halafu akamwazia Mama ameinama mbele ya kile kilango akichochea moto wake mwenyewe, saa anayotaka yeye, bila kumngoja mtu wala kumshukuru mtu. Akakumbuka karakana ya chuo, inayotupa mabaki ya mbao kila wiki.

"Nichukue hii," akasema.

"Unampenda huyo mama, eh?"

"Sana," Wabuge akasema, na alishangaa jinsi neno lilivyotoka bila kukwama.

Alhamisi aliomba ruhusa chuoni. Nanjala alimpeleka Mama hospitalini kwa mazoezi ambayo yangekuwa ya mwisho. Begi la Mama lilikuwa limekwisha fungwa, limesimama nyuma ya mlango wa chumba cha nje na kamba yake. Tangu saa mbili asubuhi Wabuge na fundi wa bomba walifanya kazi. Waliweka boila nyuma ya kibafu, wakapitisha bomba la maji moto ndani karibu na lile la baridi. Kisha fundi akaenda, Wabuge akabaki na kazi aliyoijua mwenyewe. Alikipa kibafu paa. Aling'oa mlango uliotazama nyumba, akaziba pale kwa mbao nzuri za Timboroa, akakata mlango mpya upande wa pili, unaotazama ua wa Jelagat na ng'ombe wake. Ndani alitengeneza benchi pana la kukalia, akalipiga randa na msasa mpaka halina kijiti kimoja, na ukutani akafunga mti wa kushikilia wakati wa kuinuka. Alipima urefu wake kwa kukisia tu, maana hakuwahi kumtazama Mama vya kutosha kujua kimo chake. Akapanga mabaki ya mbao ukutani, akawasha moto.

Walirudi saa kumi, Naliaka naye ametoka shule. Wabuge alikuwa amekaa ngazi za mbele, nyumba nzima ikiwa katikati yao. Alisikia gongo la Mama likisimama.

"Moshi ni wa nini?" Mama akauliza.

"Kukhu, hii ni bafu yako," Naliaka akasema. Alikuwa ameelekezwa vizuri. "Ni yako peke yako. Baba amesema yeye hatakuja huku. Hata kuni ataziweka kwa kona, mimi ndiye nitazileta."

Wabuge alibana magoti. Halafu akasikia gongo likianza tena, polepole, likizunguka kibafu, likitafuta mlango, likaupata upande wa pili. Kitasa kikalia. Na hapo, kwa kuwa alikuwa mkwe mwenye adabu zake, aliinuka haraka akatoka nje ya lango kabla hajasikia hata tone moja la maji.

Alikwenda kwa Jelagat, akapewa chai. Akanywa kikombe kimoja, cha pili, cha tatu, amegeuzia ua mgongo. Jelagat, mama asiyejua kunyamaza, siku hiyo alinyamaza. Mara moja tu alikwenda kuwaangalia ng'ombe, akarudi akitabasamu, akamwongezea chai. Jua lilikuwa likielekea kuzama Wabuge aliporudi nyumbani.

Mama alikuwa ameketi mlangoni pake, amejifunga shuka mbili, uso unang'aa mafuta, mguu mbaya ameunyoosha mbele kwenye kigoda. Naliaka alikaa chini kando yake akimenya chungwa. Wabuge akageuza macho, akashika njia ya jikoni.

"Naliaka," Mama akasema, "mwambie baba yako kuni za kesho azikate fupi. Hizi ni ndefu, zinatokeza nje ya mlango wa jiko."

"Baba, Kukhu anasema kuni za kesho uzikate fupi, hizi zinatokeza." Naliaka alikunja uso. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake akaongeza neno lake mwenyewe. "Lakini Kukhu, kesho ni Ijumaa. Si kesho unaenda Kimilili?"

"Nani amesema naenda?"

Naliaka akamgeukia baba yake. "Baba, Kukhu anauliza nani amesema anaenda."

Wabuge alikuwa amesimama na mkono kwenye mlango wa jikoni, mgongo kwao.

"Mwambie Kukhu," akasema, "hakuna mtu amesema."

"Kukhu, Baba anasema hakuna mtu amesema," Naliaka akafikisha, bila kuongeza, bila kupunguza. "Na analia."